Amina: neno fupi, ahadi nzito

Kila sala yetu tunaifunga kwa neno moja fupi: Amina. Tusipoangalia, tutalichukua kuwa alama tu ya kwamba sala imekwisha. Historia yake yatufundisha jambo zito zaidi.

Neno hili latoka katika Kiebrania, katika shina lenye maana ya kuwa imara, kusimama bila kutikisika. Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, chasimulia jinsi Musa alivyochoka wakati wa vita na Waamaleki. Haruni na Huri wakamtegemeza mikono, nayo ikadumu imara mpaka jua likachwa. Uimara huo unaitwa pale “emuna”, neno la ukoo mmoja na Amina, ambalo Waebrania walilitumia pia kwa uaminifu. Kwao, kuamini ni kusimama mahali pasipobomoka.

Tena Amina ilikuwa kiapo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, Walawi wanatangaza laana 12, na kila mara taifa lote laitika Amina. Kati ya wanaolaaniwa yumo anayesogeza mpaka wa shamba la jirani, na anayepotosha haki ya mgeni, yatima na mjane. Aliyeitika alijifunga mwenyewe.

Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki waliandika mara nyingi “na iwe hivyo”. Lakini Wakristu wa kwanza walilihifadhi neno lenyewe. Mnamo mwaka 155 hivi, Mtakatifu Yustino alimweleza Kaisari Antonino Pio kwamba baada ya sala ya Ekaristi watu wote huitika Amina. Kilatini nacho kikalipokea bila kulitafsiri, na Mtakatifu Hieronimo alisema kwamba katika makanisa ya Roma lilivuma kama ngurumo ya radi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumejaliwa zaidi. Kwa njia ya Kiarabu, lugha ya ukoo mmoja na Kiebrania, tumepokea jamaa nzima ya shina hilo: kuamini, imani, uaminifu, amana, amani. Kifaransa chasema “amen”, “foi” na “paix”, na sikio halitambui undugu wowote. Lugha yetu yatuhubiria yenyewe.

Basi tujiulize. Anayekula amana ya shirika lake, anayemdhulumu mjane shamba, ataitikaje Amina Jumapili? Na amani tunayoililia katika nchi yetu itasimama juu ya nini, ikiwa uaminifu umekufa kati yetu?

Kitabu cha Ufunuo (3,14) chamwita Kristu mwenyewe Amina, shahidi mwaminifu. Tunapoonyeshwa Mwili wake na kuitika, tunakubali kuwa kile tunachokipokea, kama alivyofundisha Mtakatifu Agostino. Midomo ikishatamka, mikono nayo idumu imara, kama ile ya Musa, mpaka jua lichwe.