Moshi wa Jiko la Bibi: Tafakari juu ya Historia ya Uzee Usukumani



Katika tafakari yetu ya juma hili tunapenda kuangalia jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia mafundi na wapima ardhi, yaani nyumba anamozeekea mtu. Tukisikia habari za matunzo ya wazee, wengi wetu tunafikiria kwanza makazi kama yale ya Kolandoto, Shinyanga. Makazi hayo yana kazi yake, hasa kwa asiye na ndugu. Lakini walio wengi, Shinyanga hata Geita, huzeekea nyumbani kwao. Historia ya nyumba hizo inatufundisha kwamba uhai wa mzee hutegemea mambo yanayoonekana madogo: jiko, kuni, njia ya maji na jirani.

Kaya ya zamani ya Wasukuma ilizungukwa na uzio wa minyaa. Ndani yake zilikuwamo nyumba za wazazi na za vijana waliooa, maghala ya nafaka na zizi la ng'ombe. Na shamba lilikuwa karibu. Mzee aliyepungukiwa nguvu hakuhitaji kuhama. Alibaki katikati ya watu wake, akiangalia wajukuu na kutoa shauri.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwaka 1974 operesheni ikaendeshwa kwa haraka. Kaya zilizotawanyika zikapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Shule na zahanati zilisogea karibu, na kwa hilo tunashukuru. Hata hivyo mashamba mengi yalibaki mbali, na kwa miguu ya mzee umbali huo haukuwa jambo dogo.

Wakati huohuo misitu ilikuwa imekwisha kufyekwa kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kulima pamba na kulisha mifugo. Kuni zikawa adimu. Akina bibi wakapikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe, katika vibanda visivyo na dirisha. Moshi wa miaka mingi ukawafanya macho yao kuwa mekundu. Na macho mekundu yakahesabiwa kuwa alama ya mchawi. Takwimu za serikali zilionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa Usukumani. Mauaji hayo yalikuwa na mizizi mingi: vifo visivyoelezeka, chuki za kifamilia, tamaa ya shamba la mjane. Lakini ni jambo la kutisha kwamba jiko bovu liligeuzwa kuwa ushahidi wa kumhukumu aliyelipulizia maisha yake yote ili wengine wale.

Hapa historia inatupa pia tumaini. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho na miti. Kutoka takribani hekta 600, kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ngitili zilivuka hekta 300,000, na safari ya kutafuta kuni ikafupika. Huko Magu, shirika la MAPERECE lilihimiza majiko yasiyojaza moshi na kusaidia kuboresha nyumba za wazee, likizungumza pia na waganga, sungusungu na viongozi wa vijiji. Ukuta na mazungumzo vilikwenda pamoja.

Kisha dhahabu ikawavuta vijana. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Vijana wengi walikwenda kwenye machimbo madogo na miji kama Katoro, wakapanga vyumba vya bati visivyo na nafasi ya mzazi. Bibi akabaki kijijini na wajukuu, mara nyingi akiwa mlezi badala ya mlelewa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa tegemeo la kwanza la matunzo. Ni kweli; lakini familia iliyo mbali haichoti maji. Kwa hiyo anayejenga kwa fedha ya machimbo na aanze na jiko lenye bomba la kutolea moshi, choo cha karibu chenye mahali pa kukalia na kushika, mlango usio na ngazi, na tangi la kuvuna maji ya mvua. Shamba la mjane liandikwe kwa jina lake, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Na jirani apite kila asubuhi kumjulia hali.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama hatuitimizi kwa maneno matamu siku ya mazishi. Tuitimize mzee angali hai, kwa kuuondoa moshi machoni pake.