Hesabu ya Ogino

Neno tasa limezoea kumwangukia mke, hata pale ambapo upungufu uko kwa mume. Mwalimu anayelifafanua darasani yafaa akumbuke kwamba kwa karne nyingi matabibu wenyewe waliwaelekeza watafuta mtoto kwenye siku zisizofaa.

Soranus wa Efeso, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba mimba hutungwa vyema hedhi inapokaribia kwisha. Katika miaka ya 1840 rai hiyo ilipata nguvu mpya. Theodor Bischoff wa Ujerumani aliwachunguza mbwa, ambao jike lao hutokwa na damu karibu na wakati wa kupandwa, na ikadhaniwa kwamba damu ya mwanamke ina maana hiyohiyo. Kumbe sivyo! Damu ya mbwa hutangulia yai. Hedhi huja baada ya yai kupita bila kupata mbegu. Matokeo yake, waliotamani mtoto waliambiwa wakutane kandokando ya hedhi, na waliotaka kupumzika kuzaa wakaambiwa katikati ya mwezi hapana hatari. Ni watoto wangapi waliozaliwa kwa ushauri huo wa pili, hakuna aliyewahesabu.

Aliyelinyosha jambo hili ni Ogino Kyusaku, daktari wa wanawake wa Niigata, Japani. Alipokuwa akiwapasua wagonjwa alizitazama ovari zao, akatafuta alama ya manjano ibakiayo pale yai lilipotoka, kisha akalinganisha na tarehe za hedhi. Mwaka 1924 alitangaza kwamba yai hutoka kati ya siku ya 16 na ya 12 kabla ya hedhi ijayo. Ijayo, wala si iliyopita: hapo ndipo penye uzito wote. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35, karibu na siku ya 21. Anayeshikilia siku ya 14 kwa kila mwanamke aweza kukosea kwa juma zima.

Hermann Knaus wa Austria alifikia jambo lililo karibu na hilo kwa njia nyingine, mwishoni mwa miaka ya 1920. Upesi watu waliigeuza hesabu hiyo kuwa kinga ya mimba, jambo ambalo Ogino mwenyewe alilipinga, kwa kuwa haikuaminika kwa kazi hiyo.

Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 221 wa North Carolina, Marekani. Mimba zilitungwa katika siku 6 tu, zinazoishia siku ile yai litokapo. Mbegu ya mume huweza kungoja siku kadhaa, bali yai halidumu zaidi ya siku moja hivi. Kwa hiyo atangojaye dalili za yai kwanza huenda amechelewa. Siku hizi wanandoa hushauriwa kukutana kila baada ya siku moja au mbili katika muda huo. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, hupimwa wote wawili, mume na mke.