Al-Hasan ibn Sulaiman (Sultani wa Kilwa)

Al-Hasan ibn Sulaiman (huandikwa pia Hassan bin Suleiman, alijulikana kama Abu al-Mawahib, yaani "Baba wa Zawadi") alikuwa sultani wa Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, kuanzia takriban mwaka 1310 hadi 1333. Alikuwa wa nasaba ya Mahdali, iliyojihesabu kuwa na asili ya Yemen na kushika madaraka Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Wakati wake dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi.

Habari zake zinatoka pande tatu: Tarikhi ya Kilwa, maelezo ya msafiri Ibn Battuta, na vitu vilivyobaki ardhini. Pande hizo hazikubaliani kila mara.

Maisha ya awali

Kadiri ya Tarikhi, alipokuwa kijana alikwenda kuhiji Makka, na njiani alikaa Aden miaka miwili akisoma elimu ya dini. Baba yake alifariki yeye akiwa mbali, na ndugu yake Daud akashika nafasi hadi aliporudi, kisha akamwachia kiti.

Ukarimu na vita

Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja huko Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akitokea Mogadishu na Mombasa. Alimsifu sultani kwa unyenyekevu: alikula pamoja na mafukara na kuwaheshimu masharifu, ambao walimjia hata kutoka Iraki na Hijazi.

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha fukara kutoka Yemen. Sultani alikuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa, fukara akamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine na kumpa zile. Mwanawe, mrithi wa kiti, alizichukua tena nguo hizo na kumlipa fukara watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu tendo lake, akaagiza aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hicho husimuliwa kama mfano wa ukarimu, lakini zawadi yenyewe ilikuwa watu. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani alishambulia mara nyingi nchi za Wazanji wa bara na kuchukua ngawira, akitenga sehemu ya tano kwa matumizi yaliyoamriwa na Kurani. Fungu la masharifu liliwekwa katika hazina ya pekee. Watu waliotekwa hawakuacha tarikhi yao.

Majengo

Jumba la Husuni Kubwa, lililo juu ya mwamba mashariki ya mji wa kale, linahesabiwa kuwa kazi yake, kwa kuwa maandishi yenye jina lake yalipatikana humo. Lilichimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua, ghala na birika la kuogea lenye pembe nane, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa. Halikukamilika kamwe, na inaonekana lilikaliwa kwa muda mfupi tu.

Hapa kuna fumbo: Ibn Battuta anauita mji mzuri, lakini anasema umejengwa kwa miti, wala halitaji jumba hilo. Huenda aliona zaidi nyumba za watu wa kawaida. Huenda pia kumbukumbu yake ilichanganyika, kwani habari za safari ziliandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye.

Anatajwa pia kuwa alipanua Msikiti Mkuu. Tarikhi inasema msikiti huo ulianguka wakati wa utawala wake, ukajengwa upya katika karne iliyofuata.

Sarafu

Fulusi zake za shaba zilikuwa na maandishi yenye vina: upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yote yakiishia kwa sauti ileile. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Zinajulikana pia sarafu chache za dhahabu zenye jina lake, jambo la nadra katika Afrika Mashariki ya wakati ule.

Baada yake

Alirithiwa na Daud, nduguye. Kadiri ya Ibn Battuta, huyu alikuwa kinyume chake: waombaji walijibiwa kwamba mtoaji amekufa bila kuacha cha kutoa. Wageni walingoja miezi mingi kwa zawadi ndogo, hata wakaacha kuja.

Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981 pamoja na yale ya Songo Mnara. Husuni Kubwa ni sehemu yake, na wageni huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko.