Mnada Ndani ya Mnada

Edwin Long (1829–1891)
*Soko la Ndoa la Babeli*, 1875
Rangi za mafuta kwenye turubai

Dalali ananadi, wanunuzi wamekodoa macho, na msichana wa kwanza amesimama jukwaani akiwa ametupa mgongo. Sura yake hatuioni. Tunaoonana nao ana kwa ana ni wenzake walioketi mstari mmoja chini, wakisubiri zamu.

Long, mzaliwa wa Bath, Uingereza, aliitoa hadithi hii kwa Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki. Herodoto anasimulia kwamba warembo walinadiwa kwanza kwa matajiri, na fedha iliyopatikana wakapewa wanaume waliokubali kuoa wasichana wasio warembo. Kwa mapambo ya ukumbi, mchoraji aliiga vitu vya kale vya Ashuru vilivyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Mwaka 1882 mchoro wenyewe ukapigwa mnada Christie's, London. Thomas Holloway, aliyetajirika kwa kuuza vidonge na marhamu, aliununua kwa pauni 6,615. Hakuna kazi ya mchoraji wa Uingereza aliye hai iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani.

Holloway alikuwa akikusanya picha kwa ajili ya chuo cha wanawake alichokuwa akikijenga Egham, Surrey. Alinunua 77 kati ya 1881 na 1883, mwaka aliofariki. Malkia Victoria alikifungua chuo hicho mwaka 1886, na picha ya wanawake wanaouzwa ikawa mali ya taasisi iliyoanzishwa ili wanawake wasome.

Leo wachache wanalikumbuka jina la Long. Mchoro wake ungali katika mkusanyiko wa chuo hicho, Royal Holloway.