Sauti ya Mtoto katika Shule yenye Tamaduni Mbalimbali

Elimu ya kukutana kwa tamaduni ni malezi yanayomwezesha mtoto kuufahamu na kuuthamini utamaduni wake, na papo hapo kuishi kwa haki na heshima pamoja na wenzake wa lugha, kabila, taifa au dini nyingine. Kwa kawaida mipango yake hutungwa na watu wazima. Makala hii inaeleza kwa nini watoto nao wanapaswa kusikilizwa.

Msingi wa kisheria na wa kiimani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Kenya mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, unatamka katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayo haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, nayo yapewe uzito kadiri ya umri na ukomavu wake. Ibara ya 29 inaelekeza elimu imjengee mtoto heshima kwa lugha na tunu za utamaduni wake, na kwa tamaduni zilizo tofauti na wake.

Mama Kanisa naye ana mapokeo yake. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, anaagiza jumuiya nzima iitwe kwenye shauri, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Mwaka 2013, Baraza la Kipapa la Elimu Katoliki lilitoa hati kuhusu majadiliano ya tamaduni katika shule za Kikatoliki. Hati hiyo inakataa njia mbili: ile inayoziacha tamaduni zikae bega kwa bega bila kuzungumza, na ile inayomtaka mgeni aache utamaduni wake ili apokelewe. Tarehe 15 Oktoba 2020, hayati Papa Francisko alipofafanua Mkataba wa Elimu Kimataifa, alitaja kusikiliza sauti za watoto na vijana miongoni mwa ahadi saba.

Mfano wa Kakuma

Kambi ya Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, ilianzishwa mwaka 1992. Watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi husoma humo kwa mtaala wa Kenya, wapo pia watoto wa Kiturkana. Wengi hukutana na Kiingereza na Kiswahili kama lugha za kigeni. Anayekaa kimya darasani huenda analijua jibu, ila hana neno la kulisemea, au anaogopa kuchekwa. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuligundua hilo kwa macho tu. Mtoto mwenyewe analijua.

Mambo ambayo watoto huyaona

Watu wazima hupenda siku ya utamaduni, yenye ngoma na vyakula vya asili. Hilo ni jema, lakini ni siku moja. Mtoto huishi siku zote nyingine: jina lake linatamkwaje, nani anakaa naye, nani anachaguliwa katika timu ya mpira, nani anaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama, na kama mwalimu hunyamaza anapotaniwa kwa kabila lake. Humo ndimo heshima hujengwa au hubomolewa.

Namna ya kuwasikiliza

Kwanza, waulizwe katika vikundi vidogo na kwa lugha waijuayo; wadogo wapewe nafasi ya kuchora. Pili, wasikilizwe wote, kwani mara nyingi kiranja huchaguliwa kutoka kundi lenye nguvu. Tatu, asilazimishwe mtoto kusimulia vita au safari ya ukimbizi mbele ya wenzake. Nne, akifichua udhalimu, taarifa ipelekwe mara moja kwa wahusika wa ulinzi wa watoto. Tano, warudishiwe jibu: lipi limekubaliwa, lipi halikuwezekana, na kwa nini. Mtoto anayeulizwa bila kujibiwa hujifunza kunyamaza.

Kusikiliza si kumwachia mtoto uongozi wa shule. Uamuzi na wajibu hubaki kwa wakubwa. Eli alikuwa kuhani mzee na Samweli kijana mdogo, lakini ujumbe wa Mungu ulimfikia Eli kupitia kinywa cha Samweli, naye, ingawa ulimwumiza, aliupokea.