Thimlich Ohinga: Mtaa wa Mawe Uliopokezanwa Vizazi kwa Vizazi

Kuta za Thimlich Ohinga hazina chokaa. Hazina saruji, wala udongo wa kushikizia jiwe na jiwe. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa kilimani jinsi yalivyo, makubwa kwa madogo, yakapangwa na watu walioweza kulitazama jiwe na kujua litakaa wapi. Nazo zimesimama hadi leo, mahali pengine zikizidi mita nne kwenda juu, tangu karne ya 16 kwa makadirio ya wanaakiolojia.

Mahali penyewe ni kaunti ya Migori nchini Kenya, kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, juu ya kilima chenye mteremko wa taratibu katika nchi ya Kadem na Kanyamkago. Kaskazini yake ndiko kwenye kaunti ya Homa Bay na Bonde la Lambwe, lililokaa kati ya vilima vya Gwassi na mwinuko wa Kanyamwa. Eneo hili la kusini mwa Nyanza lilijaa maboma ya mawe. Watafiti wamehesabu zaidi ya 500, katika sehemu zaidi ya 130. Mengi yamebomoka, mengine yamebaki mistari ya mawe ndani ya mashamba ya mahindi na vichaka. Thimlich ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote.

Tukitaja mitaa ya kale ya mawe katika Afrika Mashariki, mawazo hukimbilia pwani: vichochoro vya Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa. Tumezoea kwamba ujirani wa watu wa ukuta kwa ukuta, wenye baraza na lango na desturi za kuingia na kutoka, ni jambo la bandarini. Bara tumepewa historia ya vita vya mifugo na uhamaji. Thimlich inaikataa hadithi hiyo. Hapa palikuwa na mtaa, tena mtaa uliopangwa, wenye nyumba, mazizi, mahali pa kazi na mahali pa mchezo. Tofauti ni kwamba wenyewe walikuwa wafugaji na wakulima, na barabara yao kuu ilikuwa njia ya ng'ombe.

Maboma makubwa ni manne, nayo yana majina: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Ni majina ya Dholuo, ya kutaja ni kwa nani, kama vile mtu wa pwani anavyosema kwa Bwana fulani. Kila boma lina ukuta wake na lango lake, na kila moja limeongezewa vyumba vya pembeni kadiri watu na mifugo walivyozidi. Nje ya kuta palikuwa na kazi ya chuma. Mhunzi ni mtu anayehitajiwa na kila mlango: jembe ni lake, mkuki ni wake, shoka ni lake.

Ufundi wa ukuta unastahili kutazamwa kwa utulivu. Mafundi walijenga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kwa mawe makubwa yaliyoshikana kwa kukaliana vizuri. Katikati wakajaza mawe madogo. Unene wa ukuta ni wastani wa mita moja, na mahali pengine hufika tatu. Ukuta haukimbii moja kwa moja. Hupinda na kujikunja, na katika kupinda huko ndimo unamopata nguvu, kwa kuwa kila kona inaegemea nyingine. Milango imeachwa midogo na mifupi kwa makusudi, na juu yake yamelazwa mawe marefu bapa yanayobeba uzito wa ukuta. Mtu mzima hupita akiwa ameinama. Aliyekuja kwa heri aliinama na kusalimu, na aliyekuja kwa shari aliinama mbele ya walinzi waliokaa karibu na lango, kichwa kikiwa cha kwanza kuingia.

Shari ilikuwepo. Mifugo ndiyo iliyokuwa mali, mahari na heshima, na kundi la ng'ombe lilivuta wavamizi kutoka mbali. Fisi, chui na simba nao walikuwa majirani. Mtu mmoja na wanawe hawangeweza kuinua ukuta wa mita nne peke yao, wala kuulinda usiku kucha. Ndiyo sababu naamini kwamba jambo la kwanza kujengwa Thimlich lilikuwa mapatano ya watu: nani ataleta mawe, nani atapanga, nani atakesha langoni, na ng'ombe wa nani watalala zizi lipi.

Walioweka mapatano hayo ni akina nani? Hapo ndipo historia ya mahali hapa inapovutia zaidi. Wajaluo waliingia Nyanza kwa mawimbi, wakitoka kaskazini kupitia Uganda, na Abasuba wakaja kwa njia ya ziwa na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kabla yao, na sambamba nao, walikuwepo watu wa lugha za Kibantu na wafugaji wa jamii nyingine. Makundi yalifuatana kuishi ndani ya maboma haya. Moja lilipohama, jingine lilihamia. Kila lililoingia lilikuta mawe yaliyopangwa na mikono ya watu wengine, pengine wasiosema lugha yake, na badala ya kubomoa lilitengeneza palipoanguka, likaongeza lilichohitaji na kufuata namna ile ile ya kujenga. Ukuta unaouona leo ni kazi ya vizazi ambavyo havikuwa ukoo mmoja.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakazi wa Thimlich waliishi kwa agizo hilo kwa maana yake halisi kabisa. Ukuta usio na chokaa hauvumilii uzembe. Jiwe moja likitoka, yaliyo juu yake hulegea. Mvua za masika hushuka na kusomba vijiwe vya katikati. Mti ukiota kwenye ufa, mizizi husukuma uso wa nje. Kuta hizi zimefika kwetu kwa sababu mtu fulani, mwaka baada ya mwaka, alirudisha jiwe mahali pake.

Ndani ya maboma yamebaki mabonde madogo ya duara palipokuwa na nyumba, misingi ya mazizi, na mawe ya kusagia nafaka yaliyochimbika katikati kwa kutumika. Wachimbuaji wamepata vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na shanga za kioo. Shanga hizo hazikutengenezwa Nyanza. Zilisafiri mkono kwa mkono kutoka mbali, na kwa msomaji wa Mombasa au Bagamoyo huo ni ushahidi kwamba wafugaji wa kilima hiki walikuwa na uzi unaowafunga na dunia ya biashara. Kuna pia mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba kwa ajili ya kucheza bao, mchezo ambao Wajaluo huuita ajua. Wazee walikaa hapo jioni wakihamisha kete na kubishana.

Jinsi watu walivyoishi ndani ya ua tunaweza kuisoma katika desturi ya boma la Kijaluo, iliyoendelea hata baada ya kuta za mawe kuachwa. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilitazamana na lango, na nyumba za nyachira, mke wa pili, na za wake waliofuata zilipangwa kwa kuitazama hiyo. Mwenye boma alikuwa na kibanda chake karibu na zizi, abila, palipowekwa moto na palipozungumzwa mambo ya wanaume. Vijana waliobaleghe walilala simba, nyumba iliyojengwa karibu na lango, maana ndio waliotarajiwa kuamka kwanza pakiwa na kelele za usiku. Watoto, hasa wasichana, walikusanyika siwindhe, nyumba ya bibi, kusikiliza hadithi na kufundwa. Ukiingia langoni ulijua mara moja unakwenda wapi na unasalimia nani kwanza. Katika mpangilio wa namna hiyo hakuna anayesahaulika. Bibi kizee alikuwa na wajukuu wake kila usiku, na kijana alikuwa na kazi yenye heshima.

Kazi kubwa zilifanywa kwa saga. Mwenye shamba aliita majirani, akaandaa chakula na pombe, nao wakaja na majembe yao. Kesho yake ilikuwa zamu ya mwingine. Mgeni asiye na ardhi naye alikuwa na njia ya kuingia. Aliweza kupokewa kama jadak, mkaazi aliyepewa mahali pa kujenga na kulima na wenye nchi, kwa sharti la kuishi nao kwa adabu. Mfumo huo ulikuwa na machungu yake. Jadak hakuwa sawa na mwenye ardhi, na migogoro ya mashamba Nyanza imeubeba ubaguzi huo hadi mahakamani. Hata hivyo ulimpa mtu aliyefukuzwa na njaa au vita pa kuanzia maisha, na bila kupokea wageni Thimlich isingepata watu wa kuikarabati.

Maboma yalianza kuachwa polepole. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Baadaye utawala wa Kiingereza ulikuja na kodi, machifu na marufuku ya uvamizi wa mifugo. Hofu iliyowabana watu pamoja ikapungua, na kila mwana aliyeoa akaweza kujenga boma lake mbali, akilizungushia ua wa miti badala ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Thimlich haikuwa na wakazi tena, ingawa desturi ya maboma ya mawe iliendelea hapa na pale hadi katikati ya karne hiyo.

Katika Bonde la Lambwe palikuwa na sababu ya kutisha zaidi: mbung'o. Malale yalizishambulia nchi za kando ya ziwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na vichaka vya Lambwe vikawa makao ya mbung'o yaliyoshindikana kwa miaka mingi. Palipokuwa na malisho pakamea msitu mdogo. Serikali ilikata vichaka, ikapuliza dawa kwa ndege, na watafiti wakatega mitego, lakini hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulilipuka tena. Katika sehemu ya bonde iliyobaki kwa wanyama ilianzishwa hifadhi mwaka 1966, ambayo mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120. Ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya swala aina ya korongo. Mdudu yule yule aliyefukuza watu ndiye aliyewaachia korongo mahali pa kuishi.

Vichaka viliifunika Thimlich pia. Palikuwa na faida ndani ya hasara: miti ilisukuma kuta, lakini ilizificha zisigeuzwe machimbo ya mawe ya ujenzi. Wenyeji walipaogopa na kupaheshimu, na hofu hiyo ilifanya kazi ya askari. Watafiti walianza kuandika habari za maboma haya katika miaka ya 1960, na mwaka 1981 Thimlich ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2000 World Monuments Fund iliiweka katika orodha yake ya mahali palipo hatarini duniani. Makavazi ya Taifa ya Kenya yakakarabati kuta pamoja na wenyeji, na ufundi wa kupanga jiwe juu ya jiwe bila kitu katikati ukapata mikono mipya. Kisha Juni 2018, katika kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia mjini Manama, Bahrain, Thimlich Ohinga ikaandikwa kwenye orodha ya UNESCO, ikajiunga na Mji wa Kale wa Lamu, misitu ya Kaya za Mijikenda na Fort Jesus.

Ni heshima iliyostahili, na ilichelewa. Kinachonihuzunisha ni kwamba wanafunzi wengi wa Kenya hukariri tarehe za Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kwa amri ya mfalme wa mbali, na hawajui kwamba katika karne ile ile wafugaji wa kusini mwa Nyanza walikuwa wakijenga ngome zao wenyewe, bila mfalme na bila mhandisi, kwa makubaliano ya majirani. Ipo haja ya historia hiyo kufundishwa darasani kwa uzito ule ule. Yapo pia mamia ya maboma madogo yasiyo na ulinzi wala kibao, yanayopoteza mawe kila mtu anapojenga msingi wa nyumba au kuzungushia zizi. UNESCO imelinda kilima kimoja. Mengine yote yanawategemea wenye mashamba, na wenye mashamba wanahitaji kuambiwa thamani ya walicho nacho na kusaidiwa kukitunza.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata likizo na safari ya Mbuga ya Ruma, usigeukie Homa Bay kabla ya kushuka kusini. Lipa kiingilio, mchukue mwongozaji wa pale, inama langoni Kochieng. Na usiokote jiwe la ukumbusho hata likiwa dogo kiasi gani, maana yale madogo ndiyo yaliyojazwa katikati ya ukuta.