Mgeni wa Mama na Mtoto: Tarikhi ya Ziara za Ulezi Majumbani

Desturi ya kumtuma mtu nyumbani kwa mama mwenye mtoto mchanga, si kumtibu maradhi bali kumzidishia maarifa ya ulezi, aghalabu hutajwa kuwa na chimbuko lake katika miji ya Manchester na Salford nchini Uingereza, ambako katika miaka ya 1860 jumuiya ya mabibi walioshughulikia usafi wa miji hiyo ilianza kuwaajiri wanawake wa kazi, waliotoka katika tabaka lile lile la watu waliotembelewa, wapite nyumba kwa nyumba wakifundisha usafi na namna ya kuwatunza watoto. Zama zile vifo vya watoto katika mitaa ya viwanda vilikuwa vingi mno, na muradi wa ziara ulikuwa kumnusuru mtoto na mauti. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1977, mwanasaikolojia David Olds alianza katika mji wa Elmira, jimbo la New York, majaribio ya kuwapeleka wauguzi kwa wanawake waliokuwa wakibeba mimba ya kwanza, wakaendelea kuwazuru hata watoto walipotimiza miaka miwili.

Lakini aliyeithibitisha faida ya ziara hizi kwa akili ya mtoto wa kimaskini, katika nchi isiyo tajiri, ni daktari Sally Grantham-McGregor wa Chuo Kikuu cha West Indies, mjini Kingston, Jamaica. Katika miaka ya 1970 alikuwa akiwashughulikia watoto waliolazwa hospitalini kwa utapiamlo mkali, akabaini kwamba lishe na dawa ziliurudishia mwili afya yake ilhali akili ilibaki nyuma, na kwamba waliochezeshwa wodini, kisha wakafuatwa majumbani baada ya kuruhusiwa, waliendelea vizuri kuliko wenzao.

Ndipo yeye na wenzake, katikati ya miaka ya 1980, wakawachagua watoto 129 wenye udumavu katika mitaa ya kimaskini ya Kingston, wa umri wa baina ya miezi 9 na 24, wakawagawa makundi manne: la kwanza likapewa kilo moja ya maziwa ya unga kila juma, la pili likapata uchangamshi wa awali, yaani kuchezeshwa na kusemeshwa ili akili ikue, la tatu likapata yote mawili, na la nne halikupata lolote katika hayo. Kazi ya uchangamshi hawakukabidhiwa mabingwa, bali wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wenye elimu ya kadiri, ambao kwa muda wa miaka miwili walifika kila juma na kukaa takriban saa moja.

Inafaa msomaji aijue ziara yenyewe, kwani siri yote imo humo. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, kama chupa tupu za plastiki, vipande vya mbao, wanasesere wa matambara na vitabu vya picha, akaonyesha mchezo, kisha akampisha mama acheze na mwanawe, akamsifu kwa kila alilolitenda vyema, akamhimiza aseme na mtoto wakati wa kumwogesha na wa kumlisha, na alipoondoka aliviacha vile vitu nyumbani mpaka ziara ijayo, alipovibadilisha kwa vingine. Hakuja kukagua uchafu wala kumkemea mtu. Mwalimu wa mtoto alikuwa mama mwenyewe, na heshima hiyo hakunyang'anywa.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 1991 yalidhihirisha kwamba maziwa yalifaa na michezo ilifaa, na waliopata yote mawili waliwapita wote. Hata hivyo, watoto walipofikia umri wa miaka 11, taathira ya maziwa katika akili haikuonekana tena, ilhali ile ya michezo ilikuwa ingalipo. Walipokuwa watu wazima wa miaka 22, watafiti waliwapata 105 miongoni mwao, na katika taarifa ya mwaka 2014, ambayo mchumi James Heckman alikuwa mmoja wa waandishi wake, ilielezwa kwamba waliochangamshwa utotoni walikuwa na kipato kilichozidi kile cha wenzao kwa asilimia 25.

Habari hizi zikaenea, na mafunzo ya Jamaica yakachukuliwa Bangladesh, Peru, Zimbabwe na kwingineko. Nchini Kolombia yalijaribiwa kwa watoto 1,420 katika wilaya 96 kwa muda wa miezi 18, wazuru wakiwa ni akina mama wa maeneo yale yale. Watoto walinufaika, ila walipotazamwa tena miaka miwili baada ya ziara kukoma, nafuu ile haikuonekana. Funzo lake ni kwamba ziara si hirizi ya kumvisha mtoto mara moja ikamhifadhi umri wote. Yataka nyumba, shule na serikali zipokezane amana hiyo.

Kwetu jambo hili si geni kwa asili yake, maana mzazi wa pwani hukaa siku zake arobaini akizungukwa na wanawake wakubwa wanaomlea yeye na mwanawe, wakamfunza kukanda, kubembeleza na kuimba. Tanzania nayo ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, nayo imeuhesabu uchangamshi wa awali kuwa sehemu ya malezi. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini humo walikuwa na udumavu, na tarikhi niliyoisimulia yatutanabahisha kwamba uji pekee hautawatosha. Basi wenye mamlaka na wamlipe mhudumu wa jamii ujira wa haki, wamfunze na kumsimamia, wala wasimwondoe kazini fedha za wafadhili zinapokwisha. Na wewe msomaji mwenye mtoto nyumbani, sema naye na ucheze naye leo, kwani hilo halihitaji idhini ya mtu wala fedha ya serikali.